Figiri ya Kufukia

Jumatano, Februari 1975

Mawingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Mboga yangu ya figiri imeanza kutoa vichwa vya maua. Kule Sepuka, tulikotolewa kuletwa hapa, mama alikuwa haingoji ichanue. Aliikata ikiwa laini, akaifukia mbichi, akamwagia maji na kushindilia udongo. Ule ukali wake unaopanda puani ndio unaoua minyoo ya mizizi, na magugu nayo hupungua. Zikipita wiki chache anapanda vitunguu.

Mwaka jana vitunguu vyangu viliozea ardhini kwa minyoo. Mwenyekiti wa kijiji ameshasema, kiwanja changu kikishindwa tena msimu huu anapewa mwingine. Ndicho kipande pekee ninacholima nipendavyo. Kwingine kote ni shamba la kijiji, na kazi inaanza filimbi ikilia.

Sepuka nyumba zilikuwa mbalimbali. Hapa tumepangwa mstari, kila mlango unautazama mwingine, na figiri yangu inaonekana toka barabarani. Na mboga ya majani hainyimwi mtu, ndivyo tulivyolelewa. Basi wanakuja, fungu moja moja, na mimi nawachumia huku nacheka meno tu.

Nimechoka kuwa mwema.

Leo mchana amekuja balozi wa nyumba kumi. Kesho kuna wageni wa wilaya na akina mama tutapika. "Mboga tusihangaike," akasema, "figiri ya Mama Elia inatutosha."

Nikajibu, "Sawa, balozi." Sawa hiyo naitamka tangu siku walipoezua paa letu kule Sepuka ili tuhame.

Alipoondoka nikaapa: naifukia yote leo hii kabla ya giza, waje wakute udongo. Nikachukua jembe. Kutoka nje, namkuta jirani yangu Mama Zaituni ameshainama bustanini, kikapu kimefika nusu.

"Nimeona nikusaidie, mwenzangu, usichume peke yako," akasema. "Mungu akuzidishie."

Ningemwambia nini? Kwamba chakula cha wageni nataka kukizika?

Nikaegemeza jembe ukutani, tukachuma wote mpaka giza likaanza kuingia.

Yamebaki mashina na mizizi. Kesho, wenzangu wakiwa jikoni, nitafukia hayo hayo.

Mama, yatatosha kweli?