Mama, Nimeukata Wavu Wako

Mama,

Nianze na kosa kabla sijaishiwa na ujasiri. Ule wavu wa jengo la Ngara, wa mwisho ulioushona kabla hujatuacha, nimeukata kwa kisu. Usinikasirikie bado. Nisikize kwanza, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kesi haiamuliwi kwa upande mmoja.

Hapa Kinoo tuko salama. Wairimu, mjukuu wako mwenye jina lako, ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anabishana kukushinda wewe. Dada Njeri amechukua kiti chako kanisani na hakuna anayethubutu kumwambia asogee. Njiwa nao bado wamejaa juu ya mabati yetu. Siku ya mazishi walimharibia Ankol Mbugua koti jeusi, tena la kuazima, na watu wakacheka katikati ya machozi. Miaka yote hiyo tumewafukuza njiwa kwenye majengo ya watu, kuanzia mtaa wa Mountain View hadi katikati ya mji, na kwetu ndiko wanakolala. Mganga hajigangi. Nilipokuuliza, ulinijibu, "Sasa hao wakifukuzwa kote waende wapi, Baba?"

Hakuna mwingine anayeniita Baba hivyo. Uliniita Baba kwa sababu nimebeba jina la baba yako, na ulipotaka kunigombeza ulianza kwa kumwomba mzee msamaha, halafu unanipa zangu. Ninakumisi hata kwa hilo.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa msusi wa vyondo tu. Mteja wako mmoja wa Mountain View akakulilia kuhusu njiwa waliomchafulia balkoni, nawe ukamwambia mtu anayejua kusuka kitu cha kubebea viazi hawezi kushindwa na kitu cha kuzuia ndege. Ukanunua uzi wa nailoni, ukaniita mimi nipande ngazi, maana magoti yako yalikuwa yameshagoma. Wewe ushone, mimi nitundike. Majirani walitucheka mpaka walipoona tunaitwa na wenye maghorofa.

Halafu ile sheria yako ya chai. Wavu ukishatundikwa na kubaki pembe moja tu ya kufunga, lazima tukae hapo juu tunywe chai, kikombe kizima, bila simu wala maneno. Kama kuna ndege amebaki ndani, utamsikia. "Hatumfungii mtu mlango akiwa ndani," ulisema. Kwa muda mrefu nilidhani chai ile ilikuwa ya kupumzisha magoti, nikawa nakutania kwamba umezeeka. Mpaka siku ile tuliposikia kilio chembamba cha kinda nyuma ya tangi la maji, nawe ukaninyooshea kidole niende kumtoa, ukaendelea kunywa.

Sasa Ngara. Ni lile jengo la zamani la ile familia ya Kihindi, lenye uwazi katikati ambapo wapangaji huanika nguo. Ulilipima mwenyewe kwa kamba yako, ukashona kwa wiki nne, ukaukunja wavu ndani ya gunia. Siku chache baadaye moyo wako ukasimama. Gunia likabaki chini ya kitanda chako miezi mitano, Mama. Nilisema ni mvua. Nikasema ngazi imevunjika. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu alitoe gunia lile, hata mimi.

Mwenye jengo alivumilia, halafu akanipigia. "Kamau, mimi nangoja sababu mama yako ilikuwa fundi. Iko mtu nasema tawapa njiwa mahindi ya sumu, siku mbili naisha. Wewe nakuja ama naita yeye?"

Nikaenda. Nilitundika wavu wako tangu asubuhi na ukakaa sawasawa, haukuzidi hata kidole. Nilipofika pembe ya mwisho nikafungua mfuko nitoe chai, na nikakuta nimebeba vikombe viwili. Mkono ulikuwa umevichukua kwa mazoea tu. Mama, sikuweza kukaa. Nilirudisha vikombe mfukoni, nikafunga pembe haraka haraka, nikashuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe ulikuwa umenifunza vizuri kabisa.

Kesho yake alinipigia mama yake mwenye jengo, yule bibi wa ghorofa ya juu. Ndiye anayewamwagia njiwa nafaka pale mbele ya mlango kila asubuhi kwa sababu ya imani yake, huku mwanawe akituita tuwafukuze. Tulivyocheka mimi na wewe siku ile ya kupima! Lakini asubuhi hiyo hakukuwa na cha kuchekesha. "Kamau, wewe nafunga mtoto ndani. Mama yake nagonga kichwa hapa."

Nilimkuta njiwa amejibandika kwenye wavu kwa nje. Anaanguka, anarudi. Anaanguka, anarudi. Chini yake, kwenye ukingo wa dirisha la bafu, makinda wawili wenye manyoya ya njano walikuwa wamefungua midomo.

Niliifungua tena ile pembe ya mwisho, lakini ilikuwa mbali na njiwa hakuiona, nikaifunga. Nilijaribu kufungua mafundo, Mama. Nilitumia kucha, nikatumia msumari, nikatumia meno. Mafundo yako hayafunguki. Mwenye jengo akaniita kutoka chini, akasema niwaache, ni ndege wawili tu, kazi imeisha na wapangaji wamefurahi. Nami nikuambie ukweli, nilitamani kumtii. Si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nautazama wavu, tundu baada ya tundu, na kila tundu vidole vyako vimepita hapo, na hutashona tena mwingine. Nilikaa na kisu mkononi nikiwa tayari kuwaacha viumbe wawili wafe njaa ili niwe na kitu chako kisicho na kovu. Wewe, uliyewaachia njiwa mabati yetu!

Ndipo nikakata. Kila uzi niliokata nilisema samahani, kwa sauti, kama mwendawazimu. Nilikata shimo la kutosha sufuria ndogo, na yule njiwa akaingia hata kabla sijauondoa mkono wangu.

Nililia, Mama. Saa nne asubuhi, juu ya paa la watu. Kaburini nilisimama mkavu nikitupa udongo kama kibarua, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Hapo Ngara sikujikaza.

Niliposhuka, mwenye jengo alikuwa amenuna. Nikamwambia makinda wakiruka nitaliziba shimo, na akiona ni heri sumu, basi aite mtu wake, lakini wavu wa mama yangu naushusha niende nao nyumbani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mwanawe, na nikajua kina mama wa dunia nzima wana macho yale yale. "Wiki tatu," mwanawe akasema.

Makinda waliruka wiki iliyopita. Jana nilipanda, nikanywa chai yangu yote nikisikiliza, na ndani hapakuwa na mtu. Nikatoa sindano yako. Unajua sikuwa nimewahi kuishika. Kila ulipotaka kunifunza nilisema hiyo ni kazi yako.

Basi nakuahidi, Mama: nyavu za dukani sinunui. Nitashona mwenyewe, vibaya kwanza, halafu vizuri kidogo, na Wairimu nitamfunza, maana tayari ananinyang'anya uzi. Na hakuna njiwa nitakayemfungia ndani tena kwa sababu nina haraka ya kutokuhuzunika.

Tangu tukuzike sijakuaga. Niliondoka pale kama mtu anayetoka kidogo kwenda dukani. Leo nakuaga. Kiraka changu ni kibaya, ukikiona utaomba msamaha kwa mzee halafu unichambue. Fundo la kwanza lilifunguka mkononi. La pili likafunguka nilipolivuta. La tatu nilivuta kwa uzito wangu wote, uzi wangu juu ya uzi wako, na likashika.

Kwaheri, Mama.

Baba yako,
Kamau