Shingo Tupu Huku Juu Mulimani

Mama,

Huku juu muntu anavaa triko mbili na koti juu yake, na bado meno yanagongana. Na weye uliniachia kuku wasio na manyoya shingoni. Nasema hivyo ili ujue tangu mwanzo kwamba hasira iko. Si nyingi, lakini iko.

Uliondoka wakati wa mvua, ukiwa kwenye kitanda chako pale Kimanga, kando ya ziwa, na kabla ya kuondoka ulisema, "Fundi, hizi shingo zisipotee." Wengine wanaachiwa kiwanja. Wengine wanaambiwa wapendane na ndugu zao. Minye, mwanao wa kwanza, fundi cherehani, nikaachiwa shingo. Nikajibu ndiyo, kwa sababu mbele ya mugonjwa muntu anajibu ndiyo, halafu ndipo anaanza kufikiri.

Nikupe habari za nyumbani. Ziwa lilipanda tena baada yako. Maji yakaingia mu atelye yangu mpaka kwenye pedali ya mashine, na samaki wadogo wakawa wanapita pale wateja walipokuwa wanakaa. Wakati huohuo Mama Zawadi akahamishiwa kufundisha shule ya huku juu, nyuma kabisa ya ule mulima uliokuwa unautazama ukianika ndagala, visamaki vyako vya kukausha. Nikafunga mashine, nikafuata muke. Usicheke. Ni weye uliyesema mwanaume akiachwa peke yake anakula mukate na chai mpaka anasahau kutafuna.

Kuku tulikuja nao. Shefu, jogoo wako, na majike watatu, ndani ya kitunga, kwanza kwa pikipiki, halafu kwa miguu pale barabara inapokataa kabisa. Shefu aliwika njia nzima. Kila tuliyekutana naye aliinama kuchungulia kitunga, na kila mumoja alisema neno lilelile: "Kuku wenu mumewanyonyoa kabla ya kuwachinja?"

Kule chini hakuna aliyewacheka. Kule jua la muchana linachoma mpaka kuku wa majirani wanakaa kivulini midomo wazi, mabawa wameyaachia, na hawa wako wanatembea tu, shingo nyekundu nje, wanatafuta wadudu. Weye ulikuwa unajivuna sana. "Tazama, wangu hawahemi." Mbegu hiyo mama yako aliitoa Katogota, kule kwenye joto, na ulikuwa unailinda kuliko mulango wa nyumba. Jogoo wa jirani, mwenye manyoya mpaka kidevuni, akiweka tu muguu kwenye uwanja, kamambili inatoka muguuni kwako, inavuka hewani. Na ulikuwa unapiga kweli. Kartie nzima, mutaa kwa mutaa, ilijua kamambili ya Mama haikosi.

Lakini kuwala, hapana. Ulilelewa na wazee waliosema mwanamuke hali kuku, na hata dunia ilipobadilika na sisi sote tukala, weye uliendelea na ndagala zako. Nilipokuuliza ulijibu, "Minye ninapenda kuku. Weye unapenda supu."

Ndiyo maana kwenye kilio chako nilisumbuana na Mama Mudogo Furaha. Alisimama karibu na chungu, kisu mukononi, akasema kilio bila kuku ni mukutano. Nikamuambia hawa si wa chungu. Akanitazama kama ninakunyima heshima, lakini akapika maharagwe. Minye nilirudi kwenye mashine. Ukoo mzima ulitaka kuvaa kitenge kimoja siku ya kukuzika, na fundi wa ukoo alikuwa minye. Wengine wanalia, minye napima mabega. Mama Mudogo analia huku ninamuomba ainue mukono nipime kwapa. Watu wakasema, "Fundi iko nguvu." Hakuna nguvu iliyokuwepo, Mama. Mikono ilikuwa na kazi, basi. Kazi ilipoisha, kilio nacho kilikuwa kimeisha.

Sasa baridi. Weye uliyekuwa unajifunika shuka mbili upepo wa ziwa ukivuma kidogo, hii hungeielewa. Watu wa huku wanaiita mbeho, na wanaitaja kama jirani mubaya: mbeho imelala hapa, mbeho imeamka. Kiangazi, kule chini mukitafuta kivuli, huku asubuhi majani ni meupe na yanavunjika chini ya kiatu. Maji ya kuku yanashika utando mugumu juu, lazima uuvunje kwa kidole. Mawese yako, ile chupa niliyoitoa jikoni kwako, yaliganda siku ya kwanza kama sabuni, mpaka leo nayaweka kando ya moto ndipo yanakubali kumwagika.

Asubuhi ya kwanza niliwakuta wamesongamana pembeni, vichwa wameviingiza chini ya mabawa, shingo zimegeuka rangi ya zambarau. Niliogopa. Nikafikiri kama fundi wa nguo, maana sijui kufikiri namna nyingine: shingo iko wazi, basi ifunikwe. Nikakata mikono ya triko ya zamani, nikashona fulari kwa kila mumoja, na mupira laini ndani ili isikabe. Zilikaa vizuri kabisa. Banda nalo nikalizungushia bâche, turubai la plastiki, pande zote, hata tundu la sindano halikubaki. Nikaingia kulala nikijipongeza.

Jirani yetu wa upande wa juu anaitwa Mama Nabintu. Ana kuku, ana ndama, ana ulimi. Alifika kuazima kibiriti, akawaona.

"Eeh, Fundi! Wanaenda misa?"

Halafu akamushika mumoja, akaingiza kidole ndani ya fulari, akaacha kucheka. Ilikuwa imelowa chapachapa. Umande, maji ya kunywa, pumzi yao wenyewe, vyote vilikuwa mule ndani, vimeshikamana na ngozi. Na bâche kwa ndani ilikuwa inadondosha matone. "Vua," akasema. "Mbeho peke yake haiui kuku. Mbeho na maji, hao wakioana, ndio wanaua." Akachukua fimbo akatoboa bâche yangu mpya kule juu, chini ya paa, bila hata kuniomba. Nilivumilia.

Kwa hiyo jifunze nawe, hata kama umechelewa. Banda la huku linafungwa chini na kuachwa wazi juu, pumzi itoke. Chini unamwaga majivu, halafu majani makavu, mengi, mpaka muguu wa kuku unazama. Kijiti cha kulalia kiwe kinene, ili akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Jioni kabla ya kulala unawapa mahindi, yanawapasha moto ndani kwa ndani. Shingo na upanga wa kichwani nawapaka mawese, kidogo tu, kwa kidole. Mbeho ikizidi, wanalala jikoni na sisi, na Mama Zawadi anasahihisha madaftari ya wanafunzi huku kuku amelala kwenye kapu miguuni pake. Hakuzoea. Anasema amezoea.

Majike walipona. Shefu hakupona. Upanga wake ulianza kuwa mweusi kwenye ncha, halafu akaanza kukoroma akivuta pumzi, halafu akaacha kuwika. Mama Zawadi aliniambia, kwa upole, tumuchinje angali na damu. Maneno ya haki. Nikanoa kisu, nikaenda, nikamushika, nikarudi kumulaza kwenye majani. Asubuhi alikuwa chini ya kijiti, mugumu.

Huku hakuna anayezika kuku. Aliyekufa anatupiwa mbwa, kwisha. Minye nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa mugumu. Mama Nabintu alipita na mutwaro wake wa kuni, akasimama kwenye ua.

"Fundi, unapanda nini?"

"Nazika."

Nilingoja acheke, na angecheka ningeshukuru. Akatua kuni. Akakaa chini, kwenye ile baridi, shavu kwenye kiganja, namna wanawake wanavyokaa kwenye kilio. Akasema, "Pole ya kufiwa."

Mama, nililia. Nililia kwa sauti, na jembe mukononi, kwa ajili ya jogoo. Makamasi, mabega, yote. Zawadi alitoka jikoni akakimbia kumuita mama yake. Nilitaka kunyamaza, mudomo ukakataa. Mama Nabintu hakuniambia ninyamaze. Nilipochoka, aliuliza, "Mama yako aliitwa nani?" Nikamutajia jina lako. Nilikuwa sijalitamka tangu tukuweke ardhini. Akalirudia mara moja, akajitwisha kuni zake, akaenda.

Ninakukosa. Hilo nilipaswa kuliandika juu kabisa, kabla ya habari za triko.

Basi nikabaki na majike watatu bila jogoo, na ile "ndiyo" niliyokujibu kitandani kwako. Siku za soko wanapanda wanawake wa ziwani na magunia ya ndagala, na minye nawaomba vumbi linalobaki chini ya gunia. Wako wanalipenda, ni chakula cha kwao. Harufu ikamufikia jogoo wa Mama Nabintu. Jogoo mukubwa, mwekundu, shingo imejaa manyoya kama padri aliyejifunika. Kila asubuhi yuko kwenye ua, anageuza kichwa, jicho moja kwenye ndagala na jingine kwenye majike. Na kila asubuhi minye, na kamambili. Sikosi siku hizi. Ungefurahi.

Nilituma habari kule chini, Runingu, Katogota, kwa kila ninayemujua, watafute jogoo wa shingo tupu. Jibu lilikuwa moja: hayuko, na hata akiwepo, muntu mwenye akili hatamupandisha huko afe. Mama Zawadi alisikiliza yote hayo. Akasema, "Mama alifukuza majogoo kwenye joto. Weye ukifukuza huyu, utabaki na wajane watatu, na wajane hawazai." Nikamuambia niliahidi. Akasema, "Uliahidi mugonjwa aliyekuwa Kimanga, kwenye joto." Nilikasirika, na nilijua anasema kweli, na vile viwili vikikutana ndani ya muntu hapati usingizi.

Asubuhi jogoo alikuja. Kamambili ilikuwa tayari mukononi. Akaruka ua, akaenda moja kwa moja kwa yule jike wako muzee mwenye doa. Nikairudisha kamambili muguuni, maana chini kulikuwa na baridi. Nikaingia kunywa chai.

Ndiyo hivyo, Mama. Nimeifungua mbegu uliyoifunga. Sikuuliza ukoo, na weye singeweza kukuuliza.

Yule jike muzee alilalia mayai jikoni, kwenye kapu, akimudona kila anayepita, hata mwalimu. Vifaranga wametoka mbeho ikiwa kali kabisa, na si wote waliopona, lakini waliopona wanakimbia. Nilimuinua wa kwanza kwenye mwanga wa mulango. Shingo tupu. Halafu nikamugeuza: mbele, chini ya koo, kifungu kidogo cha manyoya, kimekaa sawasawa katikati. Nikamuinua mwingine. Naye hivyo. Wote hivyo. Kravati, kama tai ya mukubwa wa ofisi! Minye nimeshona maisha yangu yote, na kazi safi namna ile sijaifanya. Zawadi anawaita madirektere. "Papa, madirektere wamemwaga maji." Tunacheka, na hata kicheko chako nakisikia hapo, kile cha puani.

Mama Nabintu alikuja kuona wajukuu wake, ndivyo alivyosema. Akaniona nimetulia kupita kiasi. "Usililie shingo," akasema. "Hawa wakioana wao kwa wao, ngojea. Kuna mutoto anamuruka baba na mama, anafanana na koko yake aliyewazaa hao."

Inawezekana. Sijui. Kama atatoka mumoja mwenye shingo safi, nitamushusha mwenyewe mpaka Katogota, kwenye joto, akatembee bila kuhema mbele ya watu wa kule. Kama hatoki, hawa wa kravati watabaki nami huku juu, na hakuna atakayewacheka mbele yangu.

Mama, ninakwenda kuwapa mahindi kabla giza halijaingia. Lala. Baridi ya huku haikuhusu tena, na hilo moja linanifurahisha. Ulitaka shingo. Shingo siwezi kukuahidi tena. Nakuahidi kuku.

Mwanao,
Fundi