Jina Lako kwenye Kadi

Makole, Dodoma
4 Machi 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji na watoto pia. Sisi huku Mungu ametutazama: nimejifungua juzi mtoto wa kiume, kilo mbili na robo, amewahi kwa wiki tano. Tumemwita Gerson, jina la marehemu baba.

Sikupigi simu kwa sababu wewe ukipokea unaweka sauti ya nje, na hili sitaki Mama alisikie. Anataka kuja kumwogesha mjukuu. Nani kama yeye? Lakini kile kikohozi cha Krismasi kimeisha? Kazi ya maabara imenifanya mwoga, dada. Mimi na wewe damu zetu zina askari waliokomaa, wameshapigana na vijidudu tangu utotoni na wanavikumbuka. Askari wa mtoto mchanga wapo, ila bado wabichi. Tumboni walizoezwa kutulia wasimdhuru mama, sasa adui akija hawajui wamfanye nini. Chanjo ya begani amechomwa jana, nayo inahitaji wiki kadhaa kuwafundisha. Ugonjwa ambao mtu mzima anaukohoa tu, kwake unaweza kupanda mpaka kichwani.

Mama nikimwuliza atasema ni mzima hata akiwa kwenye machela. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Edina


Kongwa
10 Machi 2024

Mdogo wangu Edina,

Marahaba, mama. Hongera sana! Kilo mbili na robo si kuku wa Krismasi huyo? Mnyonyeshe. Huku hatujambo, shida yetu ni jua tu, mtama umeanza kukunja majani.

Mama ni mzima kabisa. Kikohozi kile kilikuwa vumbi la kufagia ghala. Wewe na darubini zako, mtu akipiga chafya unataka umpime! Anapanda basi Alhamisi na karanga na kibuyu cha samli. Tangu asubuhi anapiga pasi kanga.

Dada yako,
Penina


Dodoma
23 Mei 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi.

Gerson ana siku ya tisa wodini. Alianza kwa kukataa ziwa, ikaja homa, kisha degedege. Wamempima maji ya uti wa mgongo. Ni kifua kikuu, kimepanda kwenye ubongo. Daktari aliniuliza mara tatu kama nyumbani kuna aliyekuwa anakohoa, nami nikaapa mbele ya wauguzi kwamba hakuna. Mama alipokuwa hapa alikuwa akitoka kwenda uani mara kwa mara, nikadhani anapiga soga na jirani. Nilikuwa na barua yako, dada.

Jana huyo jirani, Anna, alipokuwa akinitolea mashuka ya kufua, akakuta chini ya godoro kitabu cha nyimbo alichokisahau Mama. Ndani yake kuna kadi ya kliniki. Kifua kikuu, dawa ameanza tarehe 26 Februari. Na pale wanapoandika ndugu atakayemwangalia mgonjwa akimeza vidonge kila siku, msimamizi wake, pana jina lako na sahihi yako.

Kumbe siku uliyoniandikia habari za vumbi la ghala, asubuhi yake ulikuwa umempa Mama dawa kwa mkono wako! Wanasema mficha maradhi kifo humwumbua. Kwetu walioficha wako wazima, anayeteseka ni mtoto wa miezi miwili. Umenisaliti, Penina. Kwa nini?

Mdogo wako,
Edina


Kongwa
30 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu siwezi, nisamehe.

Mama alinipigia magoti. Mama mzazi, Edina! Alisema mjukuu akiogeshwa na mama mkwe wako peke yake, watu watauliza yeye ana nini, na huku wakisikia kifua kikuu wanamaliza wenyewe kwamba ni ukimwi. Muuguzi alituambia akimeza vizuri wiki mbili, kuambukiza kunapungua sana. Nikahesabu siku, nikaona zimetimia.

Nikuambie na lililobaki, maana utalijua tu. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, nilikuta dawa zake zote nyuma ya debe la unga. Aliziacha kwa sababu wewe ungevitambua vile vidonge. Nilishika simu. Nikasema, kesho. Kesho yake nikaona aibu kwamba sikusema jana. Wiki sita zikapita hivyo.

Sasa anameza, namsimamia. Mtoto anaendeleaje? Nije tupokezane zamu wodini?

Dada yako,
Penina


Makole
18 Agosti 2024

Penina,

Barua zako zote nne, tangu ile ya Mei, zimefika.

Gerson ametoka hospitali. Dawa atameza mpaka Mei mwakani. Ananenepa, na akiuona uso wangu anacheka. Akiwa amegeukia ukuta namwita, hageuki. Jana Anna aliangusha sufuria sakafuni nyuma yake, watu wa nyumba ya pili wakatoka nje kuuliza kuna nini. Yeye aliendelea kunyonya kidole.

Mwambie Mama akimaliza dawa na vipimo vikiwa safi, aje. Nitamfungulia mlango. Ni mgonjwa, aliona aibu, na alimtamani mjukuu wake. Nimelia juu yake mpaka nimemaliza. Wewe usiongozane naye. Mama sikumwuliza kitu, kwa sababu nilijua atanidanganya. Nilikuuliza wewe.

Mama Gerson