Nilimjaza Marehemu Kwenye Fomu

Mpendwa mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapata wazimu. Mimi ni karani wa duka la mabati hapa Ngara mjini, bosi amefungua tovuti akaniambia nijaribu ile fomu ya wateja, kwamba mtu akijaza jina, namba na anachotaka, taarifa zimfikie Mihayo wa mauzo naye ampigie, sasa nikaona nikiweka namba yangu Mihayo ataitambua, nikaweka jina la Minani, marehemu mume wa rafiki yangu Eustakia wa Nyamiaga, na namba yake ya zamani ambayo Eustakia aliipiga hadi akachoka, nikajisemea marehemu hasumbuliwi na simu. Minani alivuka kwenda Burundi mwaka 2015 kumchukua mama yake, wakimbizi wakawa wanaingia kila siku yeye hayumo, mwisho wakaja watu wakasema wameona kaburi lake, tukalia, tukaanua matanga.

Jamani, Mihayo ananiambia, "Dada Teddy, yule mteja wa kwenye tovuti mkali! Nimeuliza naongea na Minani, akasema ndiye, nani kakupa namba yangu, akakata." Nimepiga mimi, haipatikani. Na Eustakia anaolewa na Kazimili, tangazo la pili limesomwa kanisani Jumapili, gauni limeshonwa, anacheka tena, na msimamizi wake ni mimi! Nikisema naua furaha yake, nikinyamaza na Minani akatokea je? Au ni mtu mwingine tu kajibu? Sijui hata nimesikia nini, maana aliyesikia ni Mihayo. Nifanyeje?

Teddy, Ngara

Marahaba, mwanangu. Kwanza majina nimeyabadilisha yote, maana umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Pole sana. Lakini hebu niambie, ulishindwa kuazima simu ya jirani? Haya, maji yakimwagika hayazoleki.

Unaitunza furaha ya Eustakia kana kwamba ni yako. Si yako. Padri anasoma tangazo mara tatu ili mwenye neno aseme, na wewe unalo. Usianzie kwa padri wala kwa Kazimili, na Mihayo afunge mdomo. Panda bodaboda leo uende Nyamiaga, mkae wawili, umweleze ulichofanya na alichosikia Mihayo, bila chumvi. Usimwambie yuko hai, hujui. Laini ikikaa kimya hupewa mtu mwingine. Apige mwenyewe, asipopatikana arudie, sauti ya mumewe ataijua kwa neno moja. Akitaka harusi isogezwe, utakwenda naye kwa Kazimili, msimamizi si wa kubeba maua tu.

Na kama aliyejibu ni Minani kweli, basi Eustakia ana haki ya kumuuliza kwa nini duka la mabati limempata siku moja, na mkewe hakumpata miaka yote hii.