Jogoo wa Kanga ya Njano

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na mlima haujaonekana kabisa leo, ni wingu tupu kuanzia nyumba za juu. Nimeamka nimechoka, nimeshinda nimechoka, na sasa saa kumi jioni naandika nikiwa vilevile. Mkikuta makosa humu, msameheni mgongo wangu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kipo Kihonda, mwaka wa kumi na saba huu. Sifa yetu mafundi mnaijua. Unapeleka kitambaa cha sendofu ya kumuaga binti, unaambiwa njoo kesho. Kesho ukienda unaambiwa njoo kesho, na sendofu inapita nguo bado haina mikono. Mimi siko hivyo. Kwangu nguo ndiyo inayomsubiri mteja, na mara nyingi inamsubiri wiki nzima. Nilijivunia hilo mpaka mwaka juzi.

Mwaka juzi binti yangu Rehema alikuwa na mimba yake ya kwanza. Huku kwetu mtoto hatayarishiwi vitu kabla hajazaliwa. Unaweka kanga mbili tatu za zamani sandukuni kimyakimya, basi, mengine yanakuja akishalia. Mimi nikajifanya mjanja. Mimba ya miezi sita, nilikuwa nimeshashona kila kitu: vigauni, kofia, shuka zenye lesi pembeni. Nikanunua na doti ya kanga ya njano ya kumpokelea. Nikavifua vyote nikavianika kwenye kamba ya nje, majirani waone.

Alizaliwa wa kiume. Kwa utani wetu mabibi nikamwita mume wangu saa ileile nilipompakata.

Mume wangu aliishi siku mbili.

Kanga moja ya ile doti ndiyo aliyofunikwa akipelekwa makaburini. Ya pili hata sikumbuki niliiweka wapi. Ninachokumbuka ni mama mkwe wake Rehema akisema pale msibani, mbele ya watu, "Mwenzetu aliharakisha." Sidhani alisema kwa ubaya. Lakini Rehema aliinua kichwa akanitazama, na tangu siku ile mimi na mwanangu tunasalimiana tu.

Sasa ana mimba ya miezi minane. Anaishi Mikese kwa mumewe. Mimba ilipofika miezi minne alinipigia simu, akasema kwa heshima zake zote, "Mama, naomba safari hii usishone kitu. Hata soksi." Nikamwahidi. Akasema pia kwamba arobaini yake atakaa hukohuko kwa mama mkwe, haji kwangu. Nikasema sawa mwanangu. Nikakata simu, nikalia juu ya suruali ya mwalimu mmoja niliyokuwa naipiga pasi, ikabidi niipige upya.

Sasa nikiri hapa, maana sina pengine pa kukiri. Nimevunja ahadi.

Wiki tatu hizi nimekuwa nashona kiblanketi cha viraka. Nilijidanganya kwamba mabaki hayahesabiki, ni vitu vya kufagia tu vile, sijanunua hata uzi. Kuna sare za shule humo, kitenge cha wanakwaya, satini ya mabibi harusi nisiowakumbuka majina. Ndani nimetia blanketi chakavu, nyuma flana. Nikakifanya cha kuchezea. Kina mbuzi mwenye pembe moja juu na nyingine chini, ndizi inayomenyeka kwa kifungo, paka mwenye mkia wa kamba wa kuvuta, na vimifuko vya kuficha vidole. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye cherehani kama mwehu. Kila siku palikuwa na nusu saa ambayo mgongo hauniumi.

Jana nikamshona jogoo. Kwenye mfuko wa mabaki nilitoa kitambaa cha njano kimejikunja, nikakata kifua na mabawa bila kukikunjua, macho yameshachoka na sare za kidato cha kwanza. Leo asubuhi nimekisogeza kiblanketi mlangoni kwenye mwanga, nikaona kipande cha pindo jeusi chini ya bawa.

Ni ile kanga. Ya pili ya doti.

Nilikaa chini. Halafu nikachukua wembe nikaanza kufumua, na bawa moja lilikuwa limeshaachia niliposikia hodi. Alikuwa Rehema, amelowa, ndala mkononi. Alikuja mjini kliniki, mvua ikamkamata njiani. Miezi mitano hajakanyaga kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kiblanketi chote kilikuwa mapajani mwangu, na kitu chenye mbuzi na ndizi huwezi kusema ni sare ya shule.

"Mama, si uliniahidi?"

"Nilikuahidi."

Akaketi kwenye benchi la wateja, akakichukua. Akavuta mkia wa paka. Akamenya ndizi. Niliona mdomo wake unataka kucheka, akaukataza. Kisha mkono ukafika kwa jogoo, ukatulia.

"Hii si ile ya mtoto?"

"Ndiyo. Nimeikata bila kujua, mwanangu. Naifumua sasa hivi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akalichukua lile bawa lililokuwa linaning'inia, akalilaza mahali pake, akalinyoosha kwa kidole. "Mrudishie bawa lake," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia tangu mwaka juzi, kwamba anisamehe, niliharakisha.

"Hukumuua wewe, mama. Mimi naogopa tu."

Nami naogopa. Nikamwambia hivyo pia.

Akakigeuza kiblanketi pembe zote. Pande tatu zina pindo, wa nne uko wazi, blanketi la ndani linachungulia. Akauliza nimebakiza nini. Nikasema huo upande tu, namaliza leo jioni.

"Usimalize," akasema. "Kikiwa hakijaisha, si tutakuwa hatujamtayarishia kitu? Nitakuja naye arobaini yangu hapa. Utamalizia mbele yake."

Mvua ilipopungua akaondoka. Aliniaga kwa kunishika bega, na bega bado nalisikia.

Bawa nimelirudisha kwa mkono, kwa sindano. Upande wa nne uko wazi, sindano nimeichomeka pembeni na uzi wake. Pindo lenyewe ni la dakika kumi. Mnajua fundi anavyowashwa na kazi ya dakika kumi? Nimeshakitoa kabatini mara mbili, nimekirudisha mara mbili.

Miaka kumi na saba sijawahi kumwambia mteja njoo kesho. Leo nimemwambia mjukuu wangu.

Njoo kesho, mume wangu, au mke mwenzangu, yeyote uliye humo ndani. Kesho ukija nitakwambia tena njoo kesho. Kiblanketi chako hakijaisha.

Usiharakishe.