Mzee Hallgrim na Kinamasi Chetu

Brennhaugen 7,
Storelvvika,
Nordland, Norwe.
17 Agosti 2022

Mpendwa mama mdogo Ragnhild,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kanada, wewe na baba mdogo Walter, na kwamba ile nyonga mpya imeacha kukunyima usingizi. Sisi hatujambo. Mama anakula, analala na anakemea watu, kwa hiyo afya anayo. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na uso wangu ambao visubi wameutafuna mpaka umefanana na mkate wa zabibu. Habari ya hao visubi nitaifikia. Ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana mama amenikataza kabisa kukupigia simu kwa jambo hili.

Kwanza habari za kawaida. Binti yangu Tiril amehamia Trondheim kusomea uuguzi. Nyumba ikawa kubwa kuliko mimi, nikaiacha na kuchukua vyumba viwili juu ya ile bekari ya zamani. Nilidhani nitalia. Nililia siku ya kwanza. Siku ya pili nikagundua kwamba jibini ninayoiweka kwenye friji naikuta palepale nilipoiweka. Sijapata raha kama hiyo tangu Tiril aote meno.

Halafu nimeanza kujifunza kupiga akodiani. Ndiyo, na umri wangu huu. Jirani wa chini ananiambia anaupenda sana muziki wangu. Simwamini. Mtu anayependa muziki hafungi madirisha yote mwezi wa Julai.

Alhamisi asubuhi naingia baharini na akina mama wenzangu. Maji ni baridi kama hukumu. Tunapiga mayowe, tunatoka, tunakunywa kahawa kwenye mawe na kula mkate na jibini ya kahawia, tukisifiana kwamba tumekuwa wasichana. Mimi kwa kweli nafuata mkate.

Sasa nije kwa Mzee Hallgrim, ambaye mama amekutajia kwenye simu, nina hakika, kwa sauti ile anayotumia akitaja hali ya hewa.

Ni mjane kutoka ng'ambo ya ghuba, zamani fundi mitambo kwenye kivuko. Alijiunga na kwaya ya kanisa majira ya baridi, akasimama nyuma ya mama, na tangu hapo hajaondoka nyuma ya mama. Ametengeneza ngazi ya mlangoni. Anapasua kuni na kuzipanga kwa ukubwa. Akinywa kahawa anaosha kikombe, tena anaosha na chini yake. Mwanamume wa miaka sabini na nne anayeosha chini ya kikombe, mama mdogo, anatafuta kitu.

Mwezi wa sita mama akaniambia kwamba Hallgrim angependa kuhamia kwake kabla ya theluji. Alisema hivyo huku akikunja mataulo, bila kunitazama.

"Una neno?" akaniuliza.

"Nitafikiri."

"Fikiri basi. Ila usifikiri kama baba yako, tutafika Krismasi."

Nikafikiri. Na kila nilipofikiri, nilifika palepale: kinamasi chetu.

Wewe umekaa mbali miaka mingi, huenda umesahau jinsi mwezi wa nane unavyotugeuza. Mtu atakupa damu yake hospitalini lakini hatakuambia anaokota wapi multe zake, hayo matunda madogo ya kinamasini. Zikishaiva na kuwa za dhahabu, nchi nzima inakuwa nchi ya wapelelezi. Gari unaliacha mahali usipokwenda. Ndoo unaificha ndani ya mkoba wa mgongoni. Ukiulizwa, unasema umeokota kidogo tu, hata kama mgongo umepinda kwa uzito. Kile kinamasi alichotuachia babu tunakijua watu watatu tulio hai: mama, wewe na mimi. Marehemu baba alioneshwa mwaka wa tisa wa ndoa, akiwa tayari ana watoto na ameezeka paa mara mbili. Na babu alisema wazi kwamba asiingizwe mtu mpaka mabinti zake wote wawili wakubali.

Dalili zilikuwepo. Siku ya Pentekoste mama alitoa multe za mwaka jana na malai. Hallgrim akala bakuli la kwanza, la pili, akasafisha la tatu kwa kijiko, halafu akauliza kwa upole, kama anayeomba chumvi, "Hizi zimetoka upande wenye jua, eeh?"

Niliweka kijiko chini. Mama, Mungu ambariki, akajibu, "Zimetoka kwenye friji."

Baadaye akanunua viatu vipya vya mpira, virefu mpaka magotini. Kwaya gani inaimbwa kwa viatu vile? Mwishoni mwa Julai nikampitia mama, nikamsikia akicheka kwenye simu: "La, huko hakuna njia, tutazama wote wawili!" Aliponiona akaikata, akaniuliza kama nimekula. Mama hajawahi kuniuliza kama nimekula. Huwa anaona.

Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa napita na gari, nikaliona gari la buluu la Hallgrim limeegeshwa chini ya mlima Svartåsen, wazi kabisa, kando ya barabara, kitambaa cha kichwa cha mama kikiwa kwenye kiti cha nyuma. Mgeni angesema: aah, wamekwenda Svartåsen. Lakini mimi ni mjukuu wa babu. Gari liko Svartåsen, kwa hiyo wao wako kokote isipokuwa Svartåsen. Na ni wapi pengine mama angekwenda na mwanamume mwenye viatu virefu?

Nikaliacha gari langu makaburini ili kuwapoteza watu, nikakata kwa miguu mpaka kinamasini kwetu. Nilipanga niwafumanie. Nilishatunga na hotuba. Ilianza na "Kumbe!"

Nikalala kifudifudi nyuma ya kichaka cha mibetula, bila mafuta ya kuzuia wadudu, maana jasusi aliyeondoka kwa hasira hakumbuki mafuta. Mbele yangu multe zilikuwa zimetanda, zimeiva, hakuna hata moja iliyoguswa. Sikuokota, nisije nikaacha alama. Visubi nao wakaitana. Nilikaa pale asubuhi nzima, maji yakipanda taratibu kwenye suruali. Hawakuja. Hapo nikaanza kumshuku mama kwa kutokuja.

Ilipofika mchana njaa ikanishinda, nikaondoka. Niko barabarani nachechemea, gari la buluu likasimama kando yangu. Hallgrim akateremsha kioo.

"Gunnvor, binti! Umepotea? Panda, panda."

Mama alikuwa mbele, amepakata ndoo iliyofunikwa kitambaa. Aligeuka taratibu.

"Ulikuwa wapi?"

"Makaburini. Kwa baba."

Akaitazama suruali yangu. Lile tope jekundu la kwetu unalijua, halitoki hata ukilichemsha.

"Baba yako amezikwa pakavu," akasema.

Hallgrim akashikwa na kikohozi kikali, akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Na nyie?" nikauliza.

"Tumeokota kidogo tu," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Hallgrim alitushusha kwa mama akaenda zake, akisema paka wake anangoja. Mama akaweka kahawa, akanivua koti kama mtoto, akanipaka siki usoni bila huruma.

"Ulikwenda kunivizia."

"Nilikwenda kumvizia yeye."

"Sijampeleka, Gunnvor. Unanionaje? Kwamba nimepata mwanamume nikasahau baba yangu?"

"Basi hizi zimetoka wapi?"

Akakaa. Umeshamwona mama akikosa pa kuweka mikono? Mimi nilikuwa sijamwona.

"Kwake," akasema. "Amenipeleka kwake. Kule nilikoogopa kwamba hakuna njia, ametandika mbao ili nisizame. Hata wanawe hawapajui. Nimemwambia, Hallgrim, usinioneshe, mimi siwezi kukuonesha pangu, dada yangu yuko Kanada. Akasema, mimi sikuulizi pako, nakuonesha pangu."

Nikafunua ndoo. Mama mdogo, sitaki kukuudhi, lakini ni kubwa kuliko zetu. Nimezigeuza nikitafuta kasoro. Nimeonja, nikaonja tena kwa ajili ya haki. Hazina kasoro.

"Ni Svartåsen kweli? Upande wa juu au wa chini?"

Mama akaivuta ndoo, akaifunika.

"Sikuambii."

"Mama! Mimi ni mwanao!"

"Najua wewe ni nani, ndiyo maana sikuambii. Si pangu."

Mimi, niliyelala kwenye maji kwa ajili yake! Mwanamke ambaye aliniambia uzito wa kila jirani na dhambi za kila mchungaji, amenifungia mdomo kwa sababu ya mtu aliyemjua majira mawili tu ya mwaka. Ndipo nilipotambua kwamba mama ameshaolewa. Kilichobaki ni habari ya makabati.

Usidhani nimeacha kumshuku. Mtu anayeegesha gari mahali anapokwenda kweli, katika mwezi wa nane, ama ni mkweli kupita kiasi, ama anatujua sana hata anatudanganya kwa ukweli. Nimelala na swali hilo kwa siku kadhaa na sijaamua. Lakini nimemwambia mama kwamba Hallgrim ahamie. Jumapili nilimsaidia huyo bwana kupima ukuta wa kabati lake. Aliniuliza kama bado napiga akodiani, nikasema ndiyo. Akasema hiyo ni kazi ya mapafu, na kwamba angependa kusikia. Hata hapo nilimwangalia vizuri usoni. Madirisha yalikuwa wazi.

Sasa sababu ya barua. Mama anaona aibu. Anasema amekula kwa mtu na hana pa kumkaribisha. Anataka kumpeleka kinamasini kwetu, na hatampeleka bila neno lako, na neno la babu, anasema, haliulizwi kwa simu kama bei ya samaki. Amenikalisha niandike kwa sababu yeye kalamu inamgomea. Anasema ni baridi. Nje kuna jua.

Nilimwambia, mama, barua ikifika Kanada na jibu likarudi, multe za mwaka huu zitakuwa zimeshaoza.

"Najua," akasema. "Nitampeleka mwaka ujao."

Tangu baba atuache sijamsikia akipanga hata Pasaka. Ukimwambia mambo ya mwezi ujao anasema tukijaliwa, anageuka dirishani. Sasa ana miaka sabini na sita, anahesabu mpaka mwezi wa nane wa mwaka ujao, na wala hakuona kwamba amesema jambo. Mimi nililiona. Nilijifanya natafuta sukari.

Kura yangu nimeshaipiga, na yake iko usoni mwake kila mtu aione. Imebaki yako. Andika neno moja tu, ndiyo au hapana, wala usitaje jina la mahali. Posta wamemwajiri kijana mpya mwenye viatu virefu vya mpira.

Msalimie sana baba mdogo Walter, mwambie bado tunamdai ule wimbo wa harusi yenu aliouacha katikati. Msalimie dada Kirsten na watoto wake. Tiril anakusalimu, na mama anakusalimu kuliko sote, ingawa aliposoma mpaka hapa alisema nimeandika upuuzi mtupu, kisha akanirudishia karatasi bila kufuta kitu.

Mungu akutunze wewe na hiyo nyonga, akupe mwezi wa nane mwingine na mwingine tena, na akurudishe nyumbani ukiwa bado unaweza kuinama.

Mwanao akupendaye, mwenye uso uliovimba,

Gunnvor