Ngazi ya Upande wa Jiko

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimechimba kidato cha pili kutoka chini. Udongo mgumu, sururu inadunda. Upepo tangu asubuhi, vumbi lote la mtaa wetu wa Izia limehamia machoni mwangu. Matofali yapo, yalibaki tulipojenga jiko. Slabu nilimwaga mwenyewe kwenye fremu ya mbao, nimezifunika magunia na kuzimwagilia. Ngazi itashuka kutoka uani hadi bustanini, na chini kwenye mparachichi patakuwa na kibaraza cha slabu. Benchi la matofali tayari nimelijenga. Refu, la nyumba nzima. Nimeanza na benchi kabla ya ngazi. Mama Deo anasema hivyo ndivyo wastaafu wanavyojenga.

Acheke. Masika yaliyopita yeye mwenyewe aliteleza pale na ndoo ya mboga, akalala wiki nzima. Na sasa nyumbani kuna mjamzito.

Mjamzito ni Atupele, mke wa Deo. Kijana wangu kaoa Tukuyu, akamleta kwetu mwezi wa nane, kisha akarudi kwenye lori lake. Leo tena nimeingia jikoni kutafuta kisu. Atupele akatoka kwa mlango wa nyuma, ugali ukabaki motoni bila mtu. Nimeusonga mimi. Sijui nimemfanya nini huyu binti.

Jumatano, 9 Oktoba

Vidato havilingani. Nimepima, nimeinuka, nimepima tena, kila nikiinama utepe unanipa jibu jingine. Maisha yangu yote ya kazi nimepima mahindi ghalani na mizani haikunisumbua. Leo kilima kidogo cha nyuma ya nyumba kinanichezea.

Atupele hajaniamkia tangu aje. Kwetu mkwe akiingia anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anauliza hali ya nyumba. Hata wasichana wa mjini wenye simu kubwa wanajikaza wakaliweka goti chini. Huyu salamu zake zinaletwa na Mama Deo. "Atupele anakuamkia." Kana kwamba yuko Dodoma. Yuko nyuma ya pazia.

Uso wake siujui vizuri. Najua mgongo, khanga ya njano, na mlio wa kandambili zake zikiondoka.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza. Nje ya kanisa jirani akaniuliza mkwe hajambo. Nikasema hajambo, anakula vizuri. Nilijibu kama mtu anayemjua.

Chakula cha jioni nimekula sebuleni peke yangu. Wao wawili jikoni wanacheka. Nilipokohoa, kicheko kikakatika.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo. Nimeumia.

Jumatano, 16 Oktoba

Slabu za kwanza zimekaa. Nimeziinamisha mbele kidogo ili maji yasilale juu. Safu mbili za matofali, slabu, safu mbili, slabu. Ngazi ni pana, watu wawili wanapishana bila kugusana mabega. Nimeifanya pana makusudi.

Nikamwita Mama Deo aone. Akashuka, akapanda, akapiga vigelegele vya kunitania. Pazia la jikoni likatikisika. Nikaacha kazi mchana, nikakaa barazani, ili na yeye ashuke aone. Hakushuka. Nilipotoka kuoga nikakuta alama za miguu yenye maji juu ya slabu. Kumbe alikuwa anangoja nipotee.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama Deo ameniambia Atupele anataka kurudi Tukuyu kabla ya mvua, akajifungulie kwa bibi yake aliyemlea. Nikauliza kwa nini, na hospitali ipo hapa hapa mjini. Akasema nyumba ni finyu kwake.

Vyumba vinne. Ua. Bustani. Finyu?

Nimempigia Deo. Yuko Laela na lori, mtandao unakatika. Akasema, "Baba, ana aibu tu huyo, atazoea." Aibu gani ya miezi miwili? Simu ikakatika kabla sijamjibu, na labda afadhali.

Mjukuu wangu wa kwanza atazaliwa mbali kwa sababu yangu. Na sababu yenyewe siijui. Nimejichunguza. Sijamtukana. Sijalalamikia chumvi. Nilisema mara moja kwamba ndizi za Tukuyu ni nzuri kuliko watu wake, lakini hiyo ilikuwa utani, na alikuwa chumba kingine. Au alisikia?

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijafanya kazi. Nimekaa kwenye benchi. Benchi refu kwa mtu mmoja.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika usiku.

Asubuhi nilikuwa katikati ya ngazi nikiziba nafasi kati ya matofali kwa mwiko. Sikujua Atupele yuko chini anachuma mboga. Nikasikia kandambili. Anapanda, ndoo kichwani, macho chini. Akainua uso, akaniona. Mara moja tu, kisha khanga ikashuka hadi puani.

Nikasogea pembeni. Nafasi ipo tele, ndiyo maana niliijenga pana. Nikasema, pita mama, pita. Akageuka. Akashuka tena, akazunguka kwenye ukingo wa migomba, kule kule kwenye udongo unaoteleza kwa maji ya kumwagilia, ambako nimetoa jasho ili asipite. Nikamwona anaenda. Ndoo ikatangulia, yeye akafuata.

Nilikimbia. Nikampa mkono. Amelala ubavu, anashika tumbo, lakini uso ameuficha kwenye udongo, na kwa mkono mwingine ananipungia niondoke. Mimi. Kwenye uwanja wangu. Nikapaza sauti, nikamwuliza nimekukosea nini, mwanangu. Alikuwa analia. Mama Deo akaja mbio, akanisukuma kando kama debe tupu.

Hospitali wamempima. Mama na mtoto wazima. Asante Mungu, na nisisahau kuiandika hiyo.

Jioni nikamuuliza Mama Deo. Hatimaye. Miezi miwili nimeshindwa kuuliza kwa sababu mzee mzima hamuulizi mkewe kwa nini mkwe hampendi. Akanitazama.

"Baba Deo, wewe hujui? Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hakutani naye njiani, hakai alipokaa. Bibi yake kamlea kizamani. Anavyokuheshimu ndivyo anavyokukimbia."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulifanya kazi Mbeya miaka minne? Nilidhani unajua."

Mbeya nilikaa na magunia. Sikukaa na wakwe.

"Asiyejua maana haambiwi maana," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wangu akaacha. Ndipo akaniambia mengine. Kwamba kila siku Atupele anasimama nyuma ya jiko akingoja nitoke kwenye ngazi. Zamani angeweza kuzunguka popote kwenye mteremko. Sasa nimeuchimba mteremko, nikajenga njia moja, kavu na nzuri, na mimi mwenyewe nimekaa katikati yake tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana nyumba ni finyu.

Jumatano, 23 Oktoba

Sielewi.

Hapana, maneno nimeyaelewa. Sielewi nifanye nini nayo. Mtu anakuheshimu kwa kukupa mgongo. Kwetu mgongo ni tusi. Nimekasirikia heshima miezi miwili, na ilikuwa kubwa kuliko ya magoti, kwa sababu ile ya magoti huchukua dakika moja na hii yake imemchosha kutwa nzima. Amekaribia kumpoteza mtoto kwa ajili yake. Nimwambie aache? Ni kumwambia asiniheshimu. Ninyamaze? Ataanguka tena.

Nina hasira bado. Sijui ya nani. Ya Deo kidogo. Eti aibu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeanza kuchimba upande wa jiko.

Mama Deo akauliza kama nimerukwa na akili, ngazi ya kwanza haijakauka. Nikamwambia hii ni nyembamba, ya mtu mmoja. Inaanzia mlango wa nyuma wa jiko, inapita nyuma ya ukuta, inatokea kwenye matuta ya mboga. Aliye kwenye ngazi kubwa hamwoni aliye kwenye hii. Baadaye akaniletea chai huko huko shimoni, na sukari alikuwa ameweka ya kutosha, jambo ambalo halifanyi siku hizi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Matofali yamekwisha. Mawingu yanakusanyika upande wa ziwa na mwenye tanuri anasema mpya hayajaiva.

Nimevunja nusu ya benchi.

Nilisimama muda na nyundo kabla ya kulipiga. Nilikuwa nimewaona wote pale: Mama Deo, Deo akiwa likizo, mkwe na mtoto, mimi pembeni. Nilikuwa nimepanga hata nani akae wapi. Basi. Matofali yametoka mazima karibu yote, saruji nilikuwa nimeibania.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza imepiga usiku kucha. Asubuhi nimekagua. Ngazi zote mbili zimesimama, maji yanatiririka mbele kama nilivyotaka. Ile ya jikoni ina kidato kimoja kifupi kuliko vingine. Nilipima. Kitabaki hivyo.

Safari ya Tukuyu haijatajwa tena. Mama Deo anasema begi limerudi juu ya kabati. Sikuuliza zaidi. Nimejifunza kukohoa kabla ya kukata kona. Nakohoa kwenda chooni, nakohoa kutoka. Jirani amenishauri ninywe tangawizi.

Jumamosi, 9 Novemba

Ukungu. Udongo unanukia. Nimeshuka mapema, nikakaa kwenye nusu ya benchi.

Kikohozi kutoka nyuma ya jiko. Kidogo, mara mbili. Si cha Mama Deo, chake nakijua. Nikatulia. Kikaja tena.

Kumbe na yeye amejifunza.

Nikageuka, nikautazama mparachichi. Kandambili zikashuka polepole, zikafika kwenye kidato kifupi, zikasita, zikaendelea. Ndoo ikawekwa chini. Akaanza kuchuma upande wake, majani yanakatika moja moja. Baada ya muda akaanza kuimba kwa sauti ya chini, Kinyakyusa, wimbo wa kubembeleza nadhani. Sikuelewa hata neno moja. Sikugeuka. Nilikaa nimeukazia macho mparachichi mpaka alipomaliza.